Dhahabu Shavuni

Jumatatu ya tarehe 9 Novemba 2015, sikukuu ya Kihindu ya Dhanteras, mama mmoja mtunga shanga alikuwa mteja wa kwanza dukani kwa Hukamchand, Johari Bazaar. Siku hiyo, kwa heshima ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, kila nyumba ya Jaipur huingiza dhahabu, fedha, au walau kijiko kipya. Yeye alifuata shanga za mawe zilizopakwa dhahabu, za mkufu wa harusi ya bintiye. Kama kawaida yake, aliutikisa kila uzi sikioni, kisha akauburuta polepole shavuni, maana jiwe halisi lina ubaridi ambao plastiki haina. Akiridhika hucheka peke yake, mabega yakirukaruka.

"Kaka, hizi zinanong'ona!" alisema, akisugua uzi wa tatu. Hukamchand akaona shavu linametameta. Dhahabu ya mpakaji wake mpya ilikuwa inatoka. Angenyamaza, angeuza, lakini mkufu ungechujuka shingoni mwa bibi harusi mbele ya ukoo mzima.

"Dada," alisema, akimsogezea kioo, "huo usinunue."

Mama akajitazama, akapiga kigelegele. "Lakshmi mwenyewe amenibusu, nawe unanionea wivu!" Akacheka hadi bangili zikalia, na Hukamchand naye akashindwa kujizuia. Kisha akageuza shavu la pili, lililo safi. "Haya, lete za mpakaji wa zamani. Na hizi zikitoka, bibi harusi utakuwa wewe!"

Hazikutoka. Alichukua nyuzi nne, akaondoka bila kujifuta uso. Harusi ingekuwa Jumapili ya tarehe 22, na Hukamchand alikuwa amealikwa.