Kichupa cha Mama Mkwe Kwenye Barieri

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka siku ile uso unaniwaka, ila jueni kwamba nilikuwa na woga tangu naamka.

Mama mkwe wangu alikuwa amepasuliwa, daktari akakata kipande cha uvimbe kwenye utumbo wake mkubwa, akakitia kwenye kichupa chenye maji makali ya kuhifadhi, akaniambia nikipeleke bandarini kwa mwenzake anayepanda meli ya Kigoma, kikapimwe ng'ambo. Alinieleza kuna protini inayozuia seli zisizaliane ovyo, ikiharibika saratani inapata nafasi, na kwamba wataangalia kama kasoro iko kwenye DNA ya uvimbe tu au ni ya kurithi. Ya kurithi! Yaani hata mke wangu. Usingizi ukaniisha.

Sasa, kwetu hata kula mbele ya mama mkwe ni shida, utumbo wake nitaubebaje hadharani? Nikabandua lebo yenye jina lake, nikaitupa, nikakifukia kichupa kwenye kikapu cha ndagala, dagaa wetu wakavu (nikajiona mjanja kweli).

Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari akakichimbua kikapu mpaka chini. Akafungua kichupa, harufu ikampiga, akaruka nyuma na kunielekezea bunduki kifuani.

"We! Iyi ni nini?"

"Dawa, shefu. Dawa yangu ya tumbo."

"Kunywa basi, tuone."

Ndiyo ilikuwa kawaida yao siku zile za vita, ukisema dawa, unakunywa kwanza. Nikikimwaga hakuna kipimo, nikikataa napigwa risasi, nikinywa ndiyo nimemnywa mama mkwe, na nyuma yangu kwenye foleni wamesimama kina mama wa kwaya yake.

"Kunywa!"

"Ni utumbo ya mama mukwe wangu!" nikapiga kelele.

Askari akanikazia macho.

"Umekata mama mukwe wako?"

Nikalazwa kifudifudi. Nilijua nimekufa, naapa, nikaanza kumwombea mke wangu. Ndipo Mama Esperansi wa kwaya akajitokeza mikono juu.

"Apana, shefu, usimuue! Mama mukwe yake iko ospitali, tulienda kumuombea."

Akaeleza ugonjwa wote, kwa sauti, mpaka habari za chooni, foleni nzima ikisikiliza. Askari akafunga kichupa kwa ncha za vidole, akanirudishia.

"Enda. Kimbia!"

Nikakimbia, nikaikuta meli bado inapakia, nikamkabidhi mwenzake daktari kichupa na kumnong'oneza jina la mama mkwe aliandike upya.

Majibu yalichelewa sana. Protini ile ilikuwa imebadilika, DNA ya uvimbe imevurugika, lakini kasoro ya kurithi hawakuiona. Mke wangu alilia, mimi nikakaa sakafuni. Mama mkwe, ambaye kwaya ilishamsimulia yote, akasema akiangalia ukuta:

"Mukwe wangu, mbona hukuwaonyesha jina yangu?"

"Niliona haya, mama. Nililitoa."

"Mi naogopa kufa, we unaona haya!"

Tangu siku hiyo, kichupa chochote cha hospitali nakibeba mkononi, lebo ikiwatazama watu.