Ile Yenye Taa

Bei ilikuwa ile ile. Nalisema mapema ili nisije nikajitetea nalo baadaye. Mwenye duka la vyombo vya muziki kule Kisumu alinipangia metronomu mbili juu ya meza, zile mashine za kuhesabia mapigo ya wimbo, za kisasa za betri, na bei zake hazikupishana hata kwa bei ya soda. Moja ilikuwa kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, nyeusi, sauti yake hafifu, lakini juu ilikuwa na taa nyekundu iliyowaka kwa kila pigo. Ya pili ilikuwa ndogo kama kiberiti, inang'aa, haina taa, ila ina sauti kali, ti, ti, ti, na kibanio cha kuishikiza kiunoni. Mume wangu alikuwa ameniomba kitu kimoja tu asubuhi hiyo nikivaa viatu.

"Mwalimu, ukifika huko, chukua ile yenye taa."

"Taa ya nini? Kwani utapiga gita gizani?" Nikacheka, nikatoka.

Nilichukua ile ndogo. Na sababu yangu ni ya aibu: kwenye semina ya walimu wa kwaya nilikuwa nimemwona mwalimu wa parokia nyingine ameshikiza ya kwake kwenye sketi, anatembea nayo kama daktari, nami nikaona kijicho. Basi. Hakuna sababu nyingine.

Ilikuwa miaka ile muwa ulipokuwa muwa. Pale kwetu karibu na Butali trekta zilivuta trela mchana kutwa, kila boma linaezeka mabati mapya, na kanisa nalo halikutaka kuachwa nyuma. Tukanunua amplifaya na spika mbili, tukaanza kujiona. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na kwaya ilikuwa yangu. Mume wangu alikuwa fundi kiwandani, upande wa mitambo ya kusaga miwa, na alikuwa mpiga gita wetu tangu kabla hatujaoana. Kazi ilikuwa ya kutuletea unga; gita lilikuwa lake. Akitoka zamu amechoka vipi, lazima aliguse kwanza ndipo ale.

Kwenye semina tuliambiwa wimbo wa mashindano una kasi yake, mapigo sabini na sita kwa dakika, na kwaya itakayokimbia itakatwa alama. Kwaya yangu ilikuwa inaanza kama inaenda sokoni na kumaliza kama imefukuzwa na nyuki. Ndiyo maana nikatumwa Kisumu.

Jioni nilimkabidhi mume wangu ile mashine. Aliigeuza mbele na nyuma, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hii haina taa."

"Ina sauti kuliko ile nyingine. Hata jirani ataisikia."

"Haya. Ni nzuri. Asante, mama." Akaiweka juu ya stuli, akaenda kunawa mikono. Nilikuwa nimepika ingokho, kuku wa kwetu, nikadhani ni njaa.

Mazoezi yakaanza. Zamani alikuwa anaketi mbele, karibu na sauti ya tatu. Lakini tangu amplifaya ije ilibidi aketi ukutani nyuma yangu, maana soketi ilikuwa moja tu na waya ni mfupi. Metronomu tuliiweka miguuni pake. Ajabu ni kwamba kwaya ilitulia, ila gita likaanza kupotea. Mara limetangulia, mara limebaki. Wiki ya kwanza nikasema ni uchovu wa zamu. Wiki ya pili nikavumilia. Ya tatu, mimi ambaye hasira zangu haziko mbali, kila mtu anajua, nikageuka na kumpasha mbele ya watu wote.

"Kwani masikio umeyasahau kiwandani? Mashine inakuambia hivi, wewe unaenda zako!"

Walicheka! Wamama wa sauti ya kwanza walishikana mabega. Yeye aliinama akakaza uzi wa gita ambao haukuwa umelegea. Nikaona nimesema kitu cha maana sana.

Mazoezi yalipokwisha, mwenyekiti wa kwaya alinivuta kando. "Mwalimu, mashindano ni Jumapili ya pili kutoka leo. Hili gita tufanyeje?" Kulikuwa na mwalimu mwenzangu shuleni aliyejua gita vizuri. Nikasema, "Mwambieni ajiandae." Nilisema hivyo nikaenda nyumbani, nikala na mume wangu meza moja, sikumwambia.

Alhamisi iliyofuata nilitoka shule mapema. Nikamsikia nyuma ya nyumba akifanya mazoezi. Alikuwa amenipa mgongo, mashine iko juu ya ndoo iliyofunikwa, macho yake yako juu ya mashine, mguu unagonga chini. Nikasema wacha nisikilize kama leo anaenda sawa nayo. Nikasogea. Sikusikia ti, ti. Nikadhani gita limeifunika. Akamaliza ubeti, akaacha nyuzi zinyamaze, akabaki anatikisa kichwa, anahesabu kungojea kuingia tena. Kimya kabisa. Mashine ilikuwa imekufa.

Nikamwita. Nikamwita tena, nikiwa hatua mbili nyuma yake. Mungu wangu. Mara ya tatu sikumwita, nilimgusa bega, akaruka hadi gita likagonga ndoo.

"Betri imeisha," nikasema.

Aliangalia mdomo wangu. "Nini?"

"Betri. Imeisha."

Akaichukua, akaiweka sikioni, akaishusha. "Tangu lini?" akaniuliza.

Nikaketi chini hapo hapo na nguo za kazi. Akaniambia, polepole, kama anayeungama. Mitambo ile ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo. Mwanzoni aliziba kwa pamba, wenzake wakamcheka, akaacha. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kupotea: ndege, watoto, kisha mimi nikiwa chumba kingine. Wanaume wa sauti ya nne, ile nzito, bado alikuwa anawasikianga. Ti, ti hakuwahi kuisikia hata siku moja. Na hangeweza kumwambia mtu, maana habari ingefika kwa msimamizi, na kazi yake ilikuwa inamezewa mate na nusu ya kijiji.

"Si ungeniambia mimi tu! Mimi mkeo!" nikafoka, machozi yananitoka.

"Nilikuambia," akasema. "Nilisema ulete yenye taa."

Jumamosi nilirudi Kisumu. Ile nyeusi ilikuwa imeuzwa, na mwenye duka akaniambia nyingine ni kungoja. Nikamwendea mwenyekiti kumwomba gita libaki kwa mume wangu. Akaniuliza kwa nini, nami sababu singeweza kuitoa. "Lakini Mwalimu, ni wewe uliyesema." Ilikuwa kweli. Nikamweleza mume wangu yote, na aliyenitoa kwenye aibu ni yeye. Alisimama mbele ya kwaya akasema zamu zimemchosha, akampa mwalimu mwenzangu gita mkononi, akamwonyesha ule uzi wa tatu unavyopenda kulegea. Kisha akaenda kuketi nje.

Siku ya mashindano tuliimba sabini na sita mwanzo hadi mwisho. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nikageuka kuinama, nikamwona safu ya tatu, amevaa suti ya harusi yetu, anapiga makofi na kutabasamu. Makofi yakapungua, yakaisha. Yeye akaendelea peke yake. Hakuwa akiangalia wenzake, alikuwa ananiangalia mimi. Watu wakaanza kugeuka, mtu akacheka. Sikujua nifanye nini. Mkono wangu ukainuka wenyewe, nikafunga ngumi, vile ninavyofunga wimbo.

Akaacha papo hapo, pamoja na ngumi yangu. Hakuchelewa hata pigo moja. Na mimi wiki zote zile nilikuwa nimemketisha nyuma yangu, asikoweza kuuona mkono huo.