Ngamia wa Ghalani Hana Alama

Basi la Wajir liliposimama kwa swala ya adhuhuri, tulimaliza kuswali tukaenda kutazama maghala ya nafaka ambayo kuta zake huchorwa picha siku hizi. Kwenye ghala la kwanza mchoraji, mgeni kutoka Nairobi, alikuwa amemaliza kuchora ngamia mrefu kuliko msikiti. Kila mtu akatoa simu.

Bibi niliyeketi naye njia nzima alikuja na mshono wake mkononi: blanketi la viraka vya nguo za jamaa zake. Juu ya kila kiraka alitarizi alama ambayo familia ya mwenye nguo huwapiga ngamia wake kwa chuma cha moto. Alimtazama ngamia wa ukutani kutoka kwato hadi nundu, akasonya.

"Hii ngamia haina alama," akamwambia mchoraji. "Ni ya nani?"

Mchoraji akacheka, akaninyooshea brashi. "Wewe ni mwenyeji. Weka ya kwenu."

Nikaiinua brashi mbele ya ukuta, rangi ikanichuruzika hadi kwenye kiwiko. Marehemu baba alinichorea alama yetu mchangani mara nyingi, kwa ncha ya fimbo, nami nikiitikia "ndiyo, aabo," macho yakiwa kwenye simu. Nambari zangu zote za siri nazikumbuka.

"Ayeyo," nikamwambia yule bibi, "siijui."

Hakunikemea. Alinipapasa kichwa, kama anavyopapaswa yatima, akarudi kwenye sindano yake.

Nikamrudishia mchoraji brashi. Ngamia bado yuko pale, mkubwa, mzuri, na hana mwenyewe.