Barafu Iliyotundikwa Majlisini

Bi Kaltham wa Ibra hajapata kuiona theluji kwa macho yake. Rangi ya barafu alijifunza mwenyewe kwa kuchungulia friza ya jikoni, na pwani za Aktiki alizitazama kwenye simu. Picha kubwa kuliko zote alizozichora, mdogo wake Marhoun aliitundika majlisini, wanamokaa wanaume.

Siku ya Idi Kaltham alipeleka sinia ya haluwa hadi mlangoni, akamsikia mgeni akiuliza nani kaichora.

"Mzungu mmoja," Marhoun akajibu. "Niliinunua Norwei."

Norwei yenyewe hajaikanyaga!

Kaltham akaiweka sinia kizingitini, akagonga mlango, kama ilivyo ada. Marhoun akatoka, akamnong'oneza:

"Dada, picha utakayochora tena usiandike jina lako. Hili nimelifunika kwa fremu."