Dirisha Linalofunguka kwa Ndani

Katika komini ya Tshopo, hapa Kisangani, si rahisi kuona nyumba ya matofali ambayo mkono wa Mahmoudi haukuigusa. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kinachomlisha ni zile nondo za madirishani ambazo kila mtu anaziita antivol. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, aliyemwambia kwamba antivol nzuri haifunguki. Inazamishwa ukutani kwa saruji, na anayetaka kuitoa aanze kwa kubomoa nyumba. Wateja walipenda kusikia hivyo. Mji huu uliwahi kupigwa mabomu na kuporwa, na waliokuwa watoto siku zile ndio wanaojenga leo. Mtu akishaezeka, hata rangi hajapaka, anamtafuta Mahmoudi.

Ndivyo walivyomtafuta watu wa Makoba, kijiji kilicho mbali kwenye njia ya Ituri. Walikuwa wamejenga chumba cha kuzalishia, lakini dawa ziliibwa kila mara. Mahmoudi alipanda lori pamoja na nondo zake, akakaa nao wiki nzima akilishwa lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki, akafunga madirisha yote. Alipoondoka, mkunga alimshukuru, akasema sasa na yeye atapata usingizi.

Mwaka juzi, alasiri moja, wauaji wa kundi moja lenye silaha lililokuwa likizunguka msituni wakaingia Makoba. Watu walikimbilia mahali palipoonekana pana nguvu kuliko pote, yaani kile chumba cha akina mama. Wakajazana humo, wazazi, watoto, wagonjwa. Wauaji hawakujisumbua kuvunja mlango. Waliufunga kwa nje, wakatia moto paa. Madirisha yalibaki kama Mahmoudi alivyoyaacha.

Habari ilimkuta akila. Redio ilisema watu wamekufa wakiwa wamejificha, haikusema habari za nondo. Baadaye wakimbizi walipofika mjini walisimulia yote, naye akawasikiliza sokoni kama wengine. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomkaba, maana mtu akilaumiwa huweza angalau kujibu. Tangu hapo hakuweza kukaa ndani. Alikula uani, alipokea wageni uani, na mvua ikinyesha alisimama chini ya ukingo wa bati, mgongo umelowa, akiyatazama madirisha aliyoyafunga kwa fahari mwaka aliooa.

Siku moja alichukua msumeno, akamwomba mkewe, Sara, ruhusa ya kukata dirisha moja tu, la chumba cha binti yao Aïcha. Sara akamkumbusha jirani yao, aliyekatwa panga na kuluna, wahuni wa mitaani, kwa sababu ya simu.

"Papa Aïcha, ukikata leo, kesho wataingia," alisema. "Kufa na moto, kufa na panga, mimi sitaki hata moja."

Alisema kweli. Mahmoudi akaurudisha msumeno mahali pake.

Akajaribu njia nyingine. Alianza kuwapendekezea wateja antivol yenye bawaba na kitasa cha ndani. Wakamcheka. Mmoja, muuza saruji, alimwuliza mbele ya watu, "Papa Mahmoudi, unaniuzishia dirisha ao mulango ya mwizi?" Na karakana yote ikacheka, wanafunzi wake pia. Akaendelea kufunga madirisha ya watu, kwa sababu nyumbani walipaswa kula, na kila alipozamisha ncha za nondo ukutani alijikuta akiwahesabu kimoyomoyo wanaolala humo ndani.

Mwaka huu, kabla ya kumbukumbu ya wale wafu, Marie-Jeanne alikuja karakana. Ndiye aliyempikia lituma kule Makoba. Siku ile ya moto alikuwa ndani ya chumba. Ukuta wa nyuma ulipasuka, na wachache waliokuwa karibu nao walipita. Mkono wake wa kushoto ulibaki na ngozi iliyojikunja mpaka kiwikoni. Sasa anauza maharagwe Kisangani, na ndiye anayewakusanya jamaa za marehemu kila mwaka kwa sala. Alieleza kwamba safari hii jamaa hawataki msalaba wala jiwe. Askari wamewekwa kijijini, watu wanaanza kurudi, na wanawake wanazaa njiani. Wafu wao watakumbukwa kwa kukijenga upya kile chumba. Amekuja kuagiza antivol.

Mahmoudi akakataa. Alisema atawatengenezea vitanda, milango, chochote kingine. Marie-Jeanne akamwacha aseme mpaka akamaliza.

"Bila antivol dawa zitaibiwa, na muuguzi hatalala pale," akasema. "Mimi mwenyewe siingie chumba yenye iko wazi. Na yenye kufungwa siingie tena. Sasa uniambie, papa, tutazalia wapi?"

Mahmoudi akachukua kazi.

Aliitengeneza ya kwanza kwa uangalifu kama mtu anayepika kwa ajili ya mgonjwa. Bawaba alizificha ndani, zisiweze kukatwa kutoka nje. Kitasa alikiweka upande wa kuume, usawa wa kifua, mbali na mkono wa mwizi, na akakilainisha mpaka kikawa kinasogea kwa kidole kimoja. Akaifunga kwenye dirisha la depo yake ya mkaa, nyuma ya karakana, dirisha linaloanzia karibu na sakafu kama yale ya Makoba. Aliingia, akafungua, akatoka, akaingia tena. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi alikula vizuri.

Marie-Jeanne alipokuja kuiona hakuitazama sana. Aliomba afungiwe ndani ya depo na dirisha lizibwe kwa gunia, pawe giza. Mahmoudi alisita. Mama huyo akaingia mwenyewe, akamwambia asifungue mpaka atoke kwa nguvu zake.

Mahmoudi akafunga mlango, akasimama nje ya dirisha. Alingoja kitasa kilie, hakikulia. Alichosikia ni mkwaruzo chini kabisa ya ukuta, kisha vidole vikapapasa nondo za chini, vikatokeza chini ya gunia, vikarudi, vikahamia upande mwingine.

"Simama, mama," akasema. "Iko juu, mukono ya kuume."

Vidole vikaacha kupapasa. Kisha sauti ikatoka chini, karibu na miguu yake.

"Hakuna mutu alikuwa amesimama, papa. Moshi iko juu. Sisi wote tulikuwa chini. Mudogo yangu Élise alikuwa chini yangu."

Mahmoudi akafungua mlango. Marie-Jeanne alikuwa ameketi sakafuni, vumbi la mkaa usoni, wala hakuonyesha hasira. Mahmoudi hakumwomba msamaha, maana hakujua aanzie wapi. Alikikata kile kitasa siku hiyohiyo. Mahali pake akachomelea pao moja la chuma la kusukuma kando ya ukingo wa chini, kutoka pembe hii hadi pembe ile, likizibwa kwa nje na bamba mwizi asilifikie, ili mkono utakaopapasa popote ulikute, na hata mtoto anayetambaa akiliegemea, dirisha lifunguke.

Siku iliyofuata Marie-Jeanne akaingia tena, gunia likashushwa. Mkwaruzo ulianza, na mara chuma kikaachia, antivol ikafunguka nje, na mkono wenye kovu ukatokeza.

"Élise," alisema. Halafu, "Funga."

Mahmoudi alidhani anataka kuhakikisha. Akaisukuma, ikashika. Ikafunguka tena.

"Papa Lokwa, muvuvi. Funga."

Akafunga.

"Déborah na mutoto wake. Bado hakukuwa na jina. Funga."

Hapo akaelewa. Mteja mmoja alikuwa amefika na toleka yake, baiskeli ya kubebea abiria, fremu imevunjika. Mahmoudi akamwashiria angoje, na yule mtu akavua kofia bila kujua kwa nini. Mashine ya kuchomelea ilizimwa. Kila jina lilifungua dirisha, na kila mara, kabla ya jina lingine, yeye ndiye aliyepaswa kulifunga kwa mikono yake. Hakuuliza yamebaki mangapi.

"Funga, papa."

Akaisukuma antivol mpaka ikashika, akasubiri.