Mke Wangu na Pikapu ya Bruce

Mimi ni mlinzi. Usiku nalinda geti la watu Nyarutarama, mchana nalala. Mke wangu ni fundi magari kule Kinyinya. Mchana yuko chini ya magari, usiku analala. Tunapishana mlangoni: mimi naingia, yeye anatoka, yeye anaingia, mimi natoka. Tumeishi hivyo tangu tuhamie Kigali kutoka Bujumbura, na sikuwa na malalamiko, mpaka asubuhi niliponusa ovaroli yake.

Ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango ikingoja kufuliwa. Ovaroli ya Mukandayisenga naijua vizuri, inanuka dizeli, grisi na jasho la halali. Asubuhi ile ilikuwa inanukia utamu. Si sabuni, si maua. Ni utamu mzito, kama sharubati iliyomwagika ikakaukia kwenye kitambaa, na umejaa mgongoni. Nikajiuliza, mwanamke anapataje marashi mgongoni? Anapakwa na nani? Haki ya Mungu, usingizi ulinitoka palepale.

Mtu asiyemjua atasema nilikuwa na haraka. Huyu mwanamke amekulia Buyenzi, kule Bujumbura, ndani ya gereji ya baba yake, na spana alizishika kabla ya kushika mwiko. Si mzuri wa kugeuza shingo za watu barabarani, lakini mtazame akifanya kazi! Ananyamaza, anakunja uso, ulimi unachungulia pembeni mwa mdomo, na kile kilichoharibika kinajisalimisha chenyewe. Mimi nilimpenda akiwa chini ya Peugeot ya mjomba wangu, nimeona miguu tu. Sasa kama mimi nilinaswa na miguu, mwingine atashindwaje?

Nikavaa viatu, nikaenda Kinyinya.

Getini pa gereji kuna Donatille, anauza chai ya maziwa na mandazi. Ni wa kwetu, wa Bujumbura, na mdomo wake hauna breki. Kuniona tu akacheka.

"Shemeji! Leo hulali?"

"Nimekuja kumsalimia mke wangu."

"Yupo na Bruce," akasema, huku ananimiminia chai ambayo sikuiomba. "Yule wa pikapu nyekundu. Anakuja kila siku siku hizi. Jana kamletea Fanta."

"Fanta?"

"Baridi kabisa."

Nikauliza huyo Bruce ni nani. Akaniambia ni msimamizi wa majengo, amekulia Kampala, mrefu, hana mke. Hilo la mwisho sikuuliza, alilitoa bure. Kisha akanitazama usoni na kupiga kofi pajani. "Mwenye wivu ajinyonge, shemeji!"

Chai niliiacha.

Pikapu ilikuwa mwisho wa uwanja. Hilux ya zamani, nyekundu iliyopauka, milango yote wazi. Miguu ya mke wangu ilikuwa nje upande wa abiria, na yeye mwenyewe amelala chali sakafuni, kichwa chini ya dashibodi. Na kijana mmoja mrefu, shati jeupe, ameinama juu yake akimshikia tochi. Tochi! Mimi sijawahi kumshikia hata mshumaa.

"Fundi wangu, hapo unaona?" akasema yule kijana.

Wangu. Alisema wangu, masikio yangu yakasikia.

"Habari za kazi," nikasema kwa sauti ya getini, ile ninayowasemesha wasio na miadi.

Mukandayisenga akatoa kichwa. "Baba Ihirwe! Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani hakuna kitu. Nimekuja kuona kazi."

Bruce akanishika mkono kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nikazidi kumchukia. "Mzee, bibi yako ni hatari. Hii gari ya baba yangu, nimezungusha mafundi wote. Kila asubuhi naongeza maji, jioni hakuna. Mmoja akasema gasketi, mwingine akauza mfuniko wa rejeta. Yeye ameingia tu, akanusa, akasema ni hita."

"Akanusa," nikarudia.

"Njoo unuse na wewe," mke wangu akasema. Ananijua, huyu. Akaninyanyulia zulia la upande wa abiria, akaushika mkono wangu na kuukandamiza kwenye sponji iliyolowa. "Haya, nusa."

Nikanusa vidole. Ulikuwa utamu uleule wa mgongoni mwake.

Akanieleza. Ndani ya dashibodi kuna rejeta nyingine ndogo, ya hita. Maji ya moto ya injini yanapita humo, feni inapuliza, joto linaingia ndani. Ikitoboka, maji hayadondoki chini ya gari mtu akayaona, yanadondokea miguuni pa abiria. Kioo kinafunga ukungu, ukiufuta unabaki utelezi kama mafuta. Alikuwa amefunga pampu yenye saa mdomoni mwa rejeta kubwa na kuijaza upepo. Mshale ukawa unashuka, na chini ya gari pakavu. Kwa hiyo yanavujia ndani. Ule utamu ni dawa ya rejeta inayochanganywa na maji, na mgongo wake uliupata kwa kulala juu ya zulia hilo.

Mwanaume mwenye akili angecheka akarudi kulala. Mimi nilifikiri: harufu imeeleweka, Fanta je?

Na mafundi nimekaa nao, si mjinga. Nilijua kuna njia ya mkato. Kwenye ukuta wa injini inaingia mipira miwili ya maji ya hita. Unaichomoa, unaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji hayaingii tena ndani, gari linaondoka kabla ya chakula cha mchana. Hita unaisahau.

"Unganisha mipira aende zake," nikasema.

"Anapanda Byumba alfajiri," akajibu. "Kule baridi ni baridi. Bila hita kioo hakionyeshi kitu. Nabadilisha."

"Kubadilisha ni kushusha dashibodi nzima!"

"Ndiyo."

"Siku ngapi hizo?"

"Zitakazohitajika." Akarudi chini, akamwambia Bruce, "Tochi."

Ebo! Mbele yangu! Nikamnyang'anya yule kijana tochi. "Wewe bosi nenda kazini kwako. Mimi nipo."

Basi, nikaanza zamu mbili. Usiku Nyarutarama, asubuhi Kinyinya. Nilimshikia tochi, nikamshikia skrubu, nikashika usukani uliotolewa kama dereva wa gari lisilokuwepo. Akishusha kipande cha dashibodi nakipokea. Waya anaufunga uzi wa rangi ili baadaye aujue, skrubu anazitenga kwenye makopo, na ole wangu nikichanganya. Rejeta ilipotoka, ndogo tu, kitabu cha misa kingeifunika, kona imeota ukoko wa kijani, akaniwekea mapajani maji yakanilowesha suruali. Akacheka. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka akiwa hajachoka.

Lakini Bruce akija jioni, yote yananitoka. "Fundi wangu!" Anamwuliza kitu, naye anamjibu kwa maneno marefu, macho yanamng'aa, na mimi mwenye mke nimesimama na tochi iliyozimwa. Niliona wivu. Sikumwonea wivu urefu wake wala shati lake. Nilimwonea wivu kwamba anafika saa ambayo mke wangu yupo macho. Mimi mke wangu namjua akiwa amelala, au akiwa ameshika begi mlangoni. Huyu anakutana naye akiwa kamili, na mchana hauna gharama kwake.

Kule Nyarutarama mwenye nyumba alinikuta nimesinzia getini. Alipiga honi nikaruka. Hakupandisha sauti, akasema tu, "Léonidas, ikitokea tena, utafute geti lingine." Kesho yake nilikuwa Kinyinya vilevile. Donatille akaniuliza kama nimeajiriwa. Nikamwambia achunge mandazi yake.

Rejeta mpya ilikuja kutoka kwa wauza vipuri wa Gatsata, ikaingia, mipira ikafungwa klipu mpya, dashibodi ikarudi. Pikapu ikasogezwa kwenye mwinuko, pua ikitazama juu, ili hewa itoke. Injini ikanguruma, akaongeza maji, mapovu yakatoka, yakaisha. Akafungua hita mpaka mwisho. Joto likanipiga usoni nikiwa kiti cha abiria, kavu, halina harufu yoyote. Kioo safi, hakina ukungu. Nikapitisha mkono chini, sakafu kavu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Imekwisha! Mwite aje achukue gari lake."

"Nitampigia," akasema. "Kaninunulie maji ya kunywa."

Nikaenda kwa Donatille. Narudi na chupa mkononi, nakuta nini? Mke wangu kapiga magoti kwenye mlango wa abiria, bisibisi mkononi, anafungua skrubu za dashibodi. Zilezile alizozifunga asubuhi. Anazifungua moja moja, taratibu, anaziweka kwenye kopo.

Gari limepona, naliona kwa macho yangu, naye analibomoa tena! Anamwongezea huyu mwanaume siku. Nikaiacha chupa ikaanguka.

"Mukandayisenga!" Huwa simwiti kwa jina. "Niambie leo. Unampenda?"

Akashtuka. "Nani?"

"Usinifanye mtoto. Gari limekwisha. Unalifungua ili arudi kesho. Fanta ulikunywa, tochi akakushikia, sasa unambakiza. Sema tu, nijue nalinda nini."

Nilitegemea anitukane, maana anajua kutukana, Buyenzi walimfundisha. Badala yake akakaa chini pale kwenye vumbi, mgongo kwenye tairi, akaliangalia lile kopo.

"Bruce hata hajui kama nimekwisha," akasema. "Sijampigia. Nikimpigia atachukua gari, na wewe utarudi kulala."

Sikuelewa. Akaona sikuelewa.

"Tangu tufike Kigali, Baba Ihirwe, hujawahi kukaa na mimi mchana. Hata Jumapili unalala. Hizi siku umekaa. Najua kilichokuleta, mimi si mjinga, nilikuona ulivyoingia na macho mekundu kama unakuja kupigana. Nikasema, acha awe na wivu wake, lakini amekaa." Akafuta pua kwa mkono wenye grisi. "Nilitaka siku moja tu ya ziada. Kesho ningefunga."

Mwanaume niliyekuwa namtafuta kwenye gari lile, siku zote zile, kumbe ni mimi. Na ule wivu haukuondoka, uligeuka tu. Nikaona wivu kwa miaka yote aliyokaa mchana bila mimi.

Wakati huo Bruce akatokea getini, shati jeupe, anatembea mbiombio. "Mzee! Fundi wangu! Donatille amenipigia, anasema amesikia injini imewaka. Imepona?"

Mke wangu akainuka haraka, akaficha kopo nyuma yake. Uso ukamshuka. Akafungua mdomo amjibu, maana hajui kumdanganya mteja.

Nikasimama mbele yake.

"Bado, bosi," nikasema.

"Bado? Lakini hita nasikia joto mpaka hapa."

"Lazima lilale, tulitazame tena kesho mchana kutwa. Hewa haijatoka yote." Nikapanda kiti cha abiria, nikafunga mlango, nikamchungulia dirishani. "Kwani fundi ni nani hapa, wewe au mke wangu? Nenda kapande pikipiki."