Daftari la Bibi Nililolitia Motoni

Bibi alijifunza kuandika uzeeni, katika darasa la kisomo cha watu wazima, mtaa wa pili kutoka soko la Kariakoo. Mimi nilikuwa sekondari, najiona nimeelimika kuliko mtaa mzima. Nikampa daftari, nikamwambia aandike habari za ukoo wetu, maana akiondoka yeye nani atatusimulia?

"Umeshaanza kuniombea kifo, mke mwenzangu?" alinijibu. Daftari akalichukua.

Kila alasiri alikaa mkekani uani, akaandika kwa penseli. Alianza na wazee wake waliozikwa Lindi, akateremka hadi kwetu. Mimi nilikimbilia kurasa za mwisho nione kaniandikaje. Zile za mwanzo nilisema nitazisoma nikipata nafasi.

Huko mwisho nikakuta maneno haya: "Mwanangu wa mwisho yupo hapa mwaka wa pili. Kazi hana. Akija mtu tunasema mgonjwa."

Siku zile asiye na kazi mjini alikuwa akikamatwa, anapakiwa kwenye lori na kupelekwa kulima. Jirani yetu alitoka kununua mafuta ya taa, akarudi baada ya miezi mitatu, kakonda hata mkewe alisita kumfungulia. Na huyo mwana wa mwisho ndiye mjomba wangu. Kwa balozi wetu wa nyumba kumi tulikuwa tumesema kaja mjini kutibiwa.

"Bibi, futa hapa."

"Mwalimu katuambia tuandike ya kweli."

Jumamosi moja bibi alikuwa chumbani anasali alasiri, mjomba kalala, mimi napika maharage. Nilichungulia barazani nikamwona balozi anakuja, nyumba kwa nyumba, na mgambo wawili nyuma yake. Sikuwaza kitu kingine ila ule ukurasa. Ningeweza kuuchana peke yake, lakini sikuona muda wa kuutafuta, na daftari lilikuwa pale pale mkekani. Nikainua chungu, nikalitia lote kwenye mkaa. Lilikataa kushika. Nikapuliza huku nalia, naogopa wataingia kabla halijaisha, naogopa hata ule moshi wake.

"Hodi humu!"

"Karibu, balozi. Shikamoo."

"Marahaba. Mko wangapi? Sukari imekuja duka la ushirika, tunaandikisha. Hawa vijana watasimamia foleni."

Nikamtajia idadi.

"Na mgonjwa wenu hajambo?"

"Hajambo. Bado anameza dawa."

Akaandika, akaenda nyumba ya pili. Hata kizingiti hawakuvuka.

Bibi alitoka, akatazama jiko, akaelewa.

"Si ungeniletea nikalikalia?" alisema. "Nani angethubutu kuniinua mimi?"

Nilimnunulia daftari jingine. Alisema mkono umechoka. Masika iliyofuata tulimzika.

Ndiyo maana sasa nawasumbua ndugu zangu: shangazi, binamu, hata wakwe. Andikeni, nawaambia, hata kama ni mistari miwili. Wananiona nimechanganyikiwa. Hawajui kwamba mjukuu wangu aliniuliza mama yake bibi yangu aliitwa nani, nikashindwa kumtajia. Jina hilo lilikuwa kwenye kurasa za mwanzo.

Aliyebaki wa kuulizwa ni mjomba. Amezeeka, anaishi Mchafukoge kwa mwanawe. Siku zote nilipompelekea kalamu alinitania, "Ili unichome tena?" Juzi nilimpelekea daftari, nikamwomba aandike jina la bibi yake, hilo moja tu. Alishika kalamu muda mrefu, uso umemkunjamana. Kisha akanirudishia.

"Mbona mama aliliandika?" alisema kwa upole. "Nenda nyumbani kaangalie kwenye lile daftari lake."

Nilimtazama usoni nikitafuta utani. Haukuwepo.